Uzito Uliogeuzwa: Kirai “as well as” katika Uandishi na Tafsiri

Kirai cha Kiingereza “as well as” huonekana chepesi kiasi kwamba wanafunzi wengi wa tafsiri hukipitia bila kukihoji. Hukichukulia kuwa sawa na “and”, kisha hukitafsiri kwa “na” au “pamoja na”. Mazoea haya yana kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya kimaana. “And” huweka vipashio viwili katika mizani sawa; “as well as” hukipa kipashio kinachotangulia uzito wa habari mpya, huku kinachofuata kikichukuliwa kuwa kinajulikana tayari. Sentensi “She speaks Kikuyu as well as English” humaanisha: “Licha ya Kiingereza, anazungumza Kikuyu pia.” Anayetafsiri “Anazungumza Kikuyu na vilevile Kiingereza” amehamishia msisitizo kwenye Kiingereza. Maneno yote yamefika, lakini hoja imegeuka.

Ya pili ni ya kisarufi. Katika Kiingereza sanifu, kitenzi hupatana na nomino inayotangulia kirai hicho: “The teacher, as well as the pupils, is waiting.” Kwa Kiswahili, “Mwalimu pamoja na wanafunzi wanasubiri” ni sentensi ya kawaida. Hivyo, Mswahili anayeandika “are waiting” huenda amehamisha tu upatanisho wa lugha yake. Wino mwekundu usioonyesha chanzo cha kosa hilo haumfunzi kitu.

Uzito wa suala hili hudhihirika katika sheria. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na matini ya Kiingereza hutumia “and”. Lau ingetumia “as well as”, usawa wa lugha hizo ungeweza kutiliwa shaka, kwa kuwa moja ingesomeka kama nyongeza juu ya nyingine.

Wapo watakaodai kwamba matumizi ya kila siku yameulegeza mpaka huu. Dai hilo lina mashiko katika mazungumzo, ambamo kiimbo hubeba msisitizo. Maandishi hayana sauti; mpangilio wa maneno ndio unaobeba mzigo huo.

Kipimo chake ni rahisi: badala ya “A as well as B”, iwekwe “si B tu, bali A pia”. Maana iliyokusudiwa ikisimama, kirai kimetumika ipasavyo. Isiposimama, “and” inatosha.