Uhakiki wa Mchongo wa "Mapokezi" ya Bumbire (1878)

Kitabu cha Henry Morton Stanley, *Through the Dark Continent*, kilichapishwa London mwaka 1878 kwa majuzuu mawili yenye ramani 10 na michongo ya mbao 150. Mmoja wa michongo hiyo unahusu "mapokezi" ya Stanley katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mashua ya *Lady Alice* imevutwa nchi kavu, na umati wenye silaha umeizingira. Tukio ni la tarehe 28 Aprili 1875.

Neno "mapokezi" ni kejeli, nayo humchagulia mtazamaji upande kabla hajaitazama picha. Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa wakati. Tarehe 4 Agosti 1875 Stanley alirudi na kikosi kikubwa cha mitumbwi, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni kutoka umbali ambao mishale yao haikuufikia. Makumi waliuawa. Barua zake zilipochapishwa magazetini mwaka 1876, lawama zilizuka Uingereza. Hyndman na Yule walilifikisha suala hilo mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Mchongo wa 1878 ulitoka baada ya lawama hizo. Kwa kuigandisha Aprili, unaifanyia Agosti kazi ya utetezi.

Haifai, pamoja na hayo, kuutupa. Ukisomwa sambamba na matini ya Stanley mwenyewe, unamgeukia. Anasimulia kwamba wenyeji waliwaacha ufukweni kwa saa kadhaa, kisha wakachukua makasia. Anayenyang'anya makasia anazuia chombo kisiondoke. Aliyekusudia kuua hakuyahitaji. Huenda hapo palikuwa na mashauri ambayo mgeni hakuyaelewa, nayo ni mambo ambayo kisu cha mchongaji hakiwezi kuyaonesha.

Suala hili lina uzito kwa ufundishaji. Mwanafunzi wa Bukiriro, wilayani Ngara, yumo katika mkoa uleule wa Kagera, lakini simulizi za kwao Wahangaza zinaelekea Burundi kuliko ziwani. Akikutana na Bumbire kwanza kupitia picha hii, maelezo yaliyo chini yake ndiyo yatakayokuwa historia yake ya vita hivyo. Kwa hiyo, popote mchongo huu unapochapishwa upya, tarehe 4 Agosti 1875 iandikwe kando ya ile ya Aprili.