Kumwandikia Msomaji Asiyeuliza

Panapotajwa kazi za uandishi, hii haitajwi: aya chache zinazoambatana na zana ya kompyuta na kueleza inafanya nini. Kwangu mimi ni kazi ya kuheshimiwa, na siku hizi kuliko zamani. Zamani msomaji wa aya hizo alikuwa mhandisi. Akikwama alijaribu tena, au alimwuliza mwenzake. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP, ambayo huziunganisha modeli za lugha na programu za nje, na msomaji mpya akazidi kushika nafasi: wakala wa akili mnemba. Yeye hupewa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake. Akishasoma, anatenda papo hapo, tena ndani ya sanduku la barua la mtu.

Tuchukue zana iliyo ndogo kabisa, ile ya kuorodhesha folda za barua pepe. Mwenye haraka ataandika kwamba inaorodhesha folda, kisha aende zake. Hajasema uongo, lakini amemwacha msomaji wake gizani.

Itifaki ya barua pepe ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ina amri ya kuorodhesha folda, na majibu yake yana mitego. Seva moja hutenga folda na folda ndogo kwa mkwaju, nyingine kwa nukta. Wakala anayekisia njia ya kuifikia folda ya risiti ataambiwa haipo, ilhali ipo. Kuna folda zilizo jina tu la kubebea nyingine, hazifunguki wala hazina barua. Kisha kuna lugha. Mtu anayetumia Gmail kwa Kiswahili hukuta folda za mfumo zina majina ya Kiswahili, kwa hiyo wakala anayezitafuta kwa Kiingereza hazioni. Tangu 2011 upo utaratibu wa seva kuzitia folda alama za matumizi: hii ya zilizotumwa, hii ya rasimu, hii ya taka. Mwandishi stadi humwambia wakala afuate alama hizo kila zinapokuwepo, asifuate jina.

Gmail yenyewe haina folda hasa, ina lebo, na barua moja huweza kubeba lebo kadhaa. Mwenye akaunti akiuliza ana barua ngapi, wakala atajumlisha hesabu za kila folda na kumpa jibu lililovimba. Sentensi moja ya kukataza kujumlisha inatosha kuzuia hilo.

Lakini ninaposhika maelezo ya zana ya namna hii, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ukomo wake. Huduma ya Microsoft Graph, ambayo programu huitumia kufikia barua za Outlook, ukiiomba folda za mtumiaji, hukupa za ngazi ya juu tu, kumi kwa ukurasa usipoomba zaidi, na zilizofichwa huziacha nje. Wakala asiyeambiwa hivyo huona kumi akaamini ni zote. Akiagizwa kuweka ankara kwenye folda ambayo haikuorodheshwa, ataunda nyingine, na mwenye akaunti atabaki na ankara zilizotawanyika asijue zimetawanywa na nani. Kwa hiyo kueleza zana isichofanya ni uungwana kwa watu wawili: wakala, na yule aliyemwamini wakala kwa barua zake.

Na hayo yote yasemwe kwa ufupi! Kwa kawaida maelezo ya kila zana iliyounganishwa huingia katika kumbukumbu ya kazi ya modeli hata zana yenyewe isipotumika, na zana zikiwa nyingi maneno hulundikana. Fundi huandika, humpa wakala kazi halisi, hutazama anapopotea, kisha hubadilisha neno moja bila kugusa programu. Nawastahi sana watu wanaofanya kazi hiyo kwa subira. Hukumbuka pia kwamba jina la folda limeandikwa na mtu, na katika sanduku linalotumiwa na wengi mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuita folda jina lililo kama agizo la kufuta barua zote. Hivyo huandika wazi kwamba majina hayo ni taarifa ya kusomwa, si amri ya kutiiwa.

Ustadi huu huonekana hata zana inaposhindwa. Orodha tupu na ruhusa iliyokwisha ni mambo mawili, lakini zana iliyoandikwa ovyo hurudisha ukimya uleule kwa yote mawili, na wakala humwambia mwenye akaunti kwamba hana folda hata moja. Iliyoandikwa kwa uangalifu husema ruhusa imekwisha, folda hazijasomwa, mwenye akaunti aingie upya. Hapo wakala husimama na kumwomba aingie.