Microsoft Ilikata Nanga Jengo Likiwa Halijaisha

Kusitisha uzalishaji wa miwani ya HoloLens 2 hakukuwa kosa. Kosa, tena la wazi, lilifuata wiki chache baadaye. Usitishaji huo ulipothibitishwa mwanzoni mwa Oktoba 2024, Microsoft iliwatuliza wateja kwa ahadi kwamba miwani hiyo itaendelea kupata masahihisho ya usalama hadi tarehe 31 Desemba 2027. Tarehe 20 Novemba mwaka huohuo ikazima Azure Spatial Anchors, huduma iliyotunza nanga za kidijitali zinazoishikilia modeli mahali pake ndani ya jengo. Tarehe 30 Septemba 2025 ikafuata Azure Remote Rendering, iliyokuwa ikichakata modeli nzito za BIM, yaani modeli za kidijitali za majengo, kwenye seva na kuzileta machoni pa mvaaji. Mkandarasi aliyelipa dola 3,500 kwa miwani, au dola 4,750 kwa Trimble XR10, yaani HoloLens 2 iliyofungwa kwenye helmeti, amebaki na kifaa kinachowaka na kilichohakikishiwa usalama, ila huduma mbili zilizokifanya kifae kwa kazi ya saiti hazipo tena. Ahadi ni deni, na deni hili limelipwa nusu.

Tuitazame kazi yenyewe. HoloLens 2 haijui iko wapi kwa setilaiti. Kamera nne za kufuatilia kichwa hunasa maumbo yaliyo mbele yake, kama kona ya nguzo au ukingo wa dirisha, kisha mfumo unayalinganisha na ulichokwisha kukiona. Saiti ya ujenzi inaitesa mbinu hii kuliko ofisi yoyote. Leo ukuta ni tofali tupu, kesho umepigwa plasta, keshokutwa umesimamishiwa jukwaa la mafundi rangi. Modeli huanza kuteleza taratibu bila mvaaji kutambua. Sasa mchukue fundi bomba anayekagua matundu ya kupitishia mabomba kabla zege la sakafu halijamwagwa. Modeli ikisogea sentimita chache tu, tundu linahamia palipo na nondo. Kosa hilo likigunduliwa baada ya zege kukomaa, dawa ni kutoboa, na nondo ikikatwa hapo lazima aitwe mhandisi wa miundo. Nanga ya pamoja ilipunguza hatari hiyo: mtu mmoja anapima na kuskani, nanga inahifadhiwa, kisha miwani ya wenzake, na hata simu za Android na iPhone, zinasoma nanga ileile. Fundi bomba, fundi umeme na msimamizi wanabishana juu ya bomba moja, lililo mahali pamoja. Hilo ndilo lililozimwa.

Wapo watakaosema kwamba notisi ilitolewa mapema na kwamba msimbo wa QR uliobandikwa kwenye nguzo unatosha. Notisi ilitolewa, kweli, lakini notisi haihamishi kazi iliyojengwa juu ya huduma ya mtu mwingine. Na QR hufanya kazi vizuri ukiwa umesimama karibu nayo. Ukitembea hadi mwisho wa korido, kila miwani inabaki na makadirio yake, na makadirio ya miwani mbili si lazima yakubaliane. Zaidi ya hapo, kila karatasi inahitaji mpimaji wa kuifunga kwenye gridi ya jengo, na inapong'oka au kufunikwa na plasta, kazi inarudi mwanzo. Kumwambia mkandarasi arudi kwenye QR ni kumrudishia mzigo aliolipa fedha ili autue.

Wengine watajitetea kwa hesabu: kampuni hailazimiki kuendesha huduma isiyolipa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama njia zilizokuwepo zingekuwa mbili tu, kuendelea au kuzima. Ipo ya tatu, nayo ni kufungua. Mwaka 2021, baada ya miwani ya uhalisia pepe ya Oculus Go kuachwa kuuzwa, John Carmack, mshauri wa teknolojia wa Oculus, alishinikiza hadi Facebook ikatoa toleo la mfumo lililofunguliwa, ili mwenye kifaa akitumie apendavyo hata baada ya kampuni kukipa kisogo. Kifaa kile kilikuwa cha burudani. Chombo kinachoelekeza mahali pa kutoboa zege kilistahili heshima hiyo maradufu. Badala yake, tulishuhudia teknolojia ya HoloLens ikielekezwa kwenye Jeshi la Marekani kwa mkataba wa miwani ya kijeshi ya IVAS wa mwaka 2021 uliokadiriwa kufikia dola bilioni 21.9 katika miaka kumi, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba mkataba huo nao unakabidhiwa kwa kampuni ya Anduril. Mafundi ujenzi walionekana katika video za uzinduzi, na kwenye mipango halisi wakasahauliwa.

Ni kweli pia kwamba HoloLens 2 ilikuwa na udhaifu: jua la mchana liliimeza picha, upeo wa maono ulikuwa mdogo, na hakuna mpimaji makini aliyeiamini kuliko totali stesheni, kifaa chake cha kupimia. Hata hivyo, banda la mbao la Steampunk lililojengwa Tallinn mwaka 2019 kwa programu ya Fologram kwenye miwani ya HoloLens lilikuwa kazi safi. Udhaifu wa chombo ni sababu ya kukiboresha, na anayeshindwa kukiboresha awaachie wengine wajaribu. Safu hii imelisema hilo tangu Google ilipozima Tango, mfumo wake wa uhalisia ulioongezwa kwenye simu, tarehe 1 Machi 2018, ikalirudia DAQRI, kampuni ya helmeti za uhalisia ulioongezwa, ilipofunga milango mwaka 2019, na tena Google Glass ilipoondolewa sokoni Machi 2023. Kila mara sekta ya ujenzi ndiyo inayoombwa kujaribu kwanza, na ndiyo inayoachwa na makabati ya vifaa visivyo na mwenyewe.

Waasisi hawakufanya hivi. Ivan Sutherland alipotengeneza onyesho la kuvaa kichwani mwaka 1968, alichapisha namna lilivyofanya kazi ili wengine waendelee alipoishia. Katika miaka ya 1980, Frederick Brooks na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitembea kwa uhalisia pepe ndani ya Sitterson Hall kabla haijajengwa, wakabaini kwamba ukuta mmoja wa ukumbini unabana nafasi, na mchoro ukarekebishwa. Kompyuta zao zilikuwa dhaifu kuliko simu ya leo. Nguvu yao ilikuwa kwamba maarifa waliyoyapata yalibaki kwa wote, hayakufungiwa kwenye seva ya mtu anayeweza kuizima.

Sekta ya ujenzi inalijua somo hili upande wa michoro. Modeli iliyohifadhiwa kwa IFC, muundo wazi wenye kiwango cha ISO 16739, inafunguka kwenye programu za kampuni nyingi. Kwa nanga, wanunuzi hawakudai hivyo, na sasa wanavuna walichokubali. Jengo hutarajiwa kudumu nusu karne, ilhali huduma hii haikufikisha hata muongo. Kwa hiyo mkandarasi, mshauri au mwenye mradi anayeletewa miwani mpya aweke masharti mawili kwenye mkataba kabla ya kulipa: nanga zihifadhiwe kwenye seva anayoimiliki mwenyewe, na kifaa kifunguliwe siku msaada utakapokoma. Muuzaji akikataa, asinunuliwe.