Peugeot 404: Gari la Familia Lililoshinda Matope

Mwaka 1966 timu ya BRM ya Uingereza ilileta kwenye Formula One injini ambayo mafundi huisimulia mpaka leo kwa kicheko na heshima kwa pamoja. Kanuni zilikuwa zimebadilika: ukubwa wa injini ulipanda kutoka lita 1.5 hadi lita 3. BRM walikuwa na V8 nzuri ya lita 1.5, basi wakaipanua ile V mpaka ikalala chali, wakaweka nyingine kama hiyo juu yake, wakaziunganisha kranki mbili kwa gia. Silinda 16, umbo la herufi H. Ilikuwa nzito, ikitetemeka mpaka ikavunja vyuma vyake yenyewe. Ushindi wake ulikuwa mmoja tu, Watkins Glen, Marekani, Oktoba 1966. Hata huo ulipatikana ikiwa imefungwa kwenye Lotus ya Jim Clark, si kwenye gari la BRM wenyewe.

Ubingwa wa mwaka ule ulichukuliwa na Jack Brabham, mtu wa miaka 40, kwa injini ya Repco ya Australia iliyojengwa juu ya bloku ya alumini ya Oldsmobile, gari la watu wa kawaida. Mwaka uliofuata Denny Hulme akautwaa kwa timu hiyohiyo ya Brabham.

Miaka hiyohiyo miwili, huku kwetu, Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara mbili mfululizo. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,618. Mwaka 1966 yaliondoka magari 88. Yaliyofika ni 9.

Kuelewa kwa nini ushindi huo uliwezekana, tazama kwanza barabara. Njia ya kusini ya Safari ilikuwa ikipita Arusha na Moshi kuelekea Upare na Usambara, na mbio zilipangwa wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yameanza au yamekaza. Anayeufahamu Mlima Kilimanjaro anajua mito yake inavyoshuka: Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, Himo, yote inatoka juu na kuchana miteremko. Kwa hiyo barabara yoyote inayouzunguka lazima ishuke bondeni, ivuke, ipande, kisha ianze upya. Ongeza mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachagga, inayokatiza mashamba ya migomba na kahawa. Udongo wa mlimani ukilowa huteleza juu huku chini ukiwa bado mgumu. Ule mweusi wa mbugani hufanya kinyume: juu unaonekana mkavu, chini unameza ekseli. Dereva wa Safari alizikuta aina zote mbili ndani ya saa moja, na barabara haikufungwa kwa ajili yake. Malori na ng'ombe waliendelea na shughuli zao.

Mbio za Formula One pale Watkins Glen zilikuwa za takriban kilomita 400 za lami. Safari ilikaribia kilomita 5,000.

Sasa ingia chini ya gari. Propela shafti ya 404 haikuning'inia wazi. Ilikaa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwenye ekseli ya nyuma na kuishia kwenye gia boksi. Bomba lile liliikinga shafti na mawe, na papo hapo likapokea msukumo wa magurudumu. Hapo ndipo penye ujanja. Magari mengi ya rika lake yalikuwa na springi za nyuma za mapande ya vyuma yaliyopangana, ambazo hubeba uzito na kuishikilia ekseli mahali pake kwa wakati mmoja. Pande kuu likikatika, ekseli inakwenda mrama na safari imekwisha. Kwenye 404 msukumo ulikuwa umepata wa kuubeba, hivyo wahandisi wakaweka springi za koili zenye kazi ya kupanda na kushuka tu. Zilipanda na kushuka sana, na gurudumu likabaki limegusa ardhi hata barabara ilipokuwa makorongo matupu.

Feni nayo ina hadithi yake. Kwenye magari mengi ya wakati ule ilizunguka muda wote injini ikiwaka. Peugeot waliifunga kwa klachi ya sumaku ya umeme: maji ya rejeta yakipata joto la kutosha, sumaku inashika; yakipoa, inaachia. Lengo lilikuwa kuokoa petroli na kupunguza kelele. Kwenye kivuko cha mto ikawa na faida ambayo sidhani Wafaransa waliipigia hesabu: feni isiyozunguka haiyarushi maji kwenye distribyuta.

Hadi hapa mtu anaweza kusema siri ni usahili. Mimi nasita. Kama usahili ungetosha, Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mwaka 1953, 1954, 1957 na tena 1962, isingeacha kushinda. Hakuna gari sahili kuliko ile: haina rejeta, na injini imekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Tatizo lake lilikuwa nguvu. Na 404 ya ushindi haikuwa sahili moyoni. Toleo lile lilikuwa na mfumo wa Kugelfischer wa Ujerumani wa kupuliza petroli, kitu cha kigeni kabisa kwa gari la familia la wakati huo.

Faida yake huonekana vizuri mlimani. Kabureta ina bakuli dogo la petroli lenye boya ndani. Gari likiinama kuingia bondeni, au likirukaruka, petroli huegemea upande mmoja, boya linadanganyika, na injini inakabwa kwa njaa au inazama kwa shibe. Pampu ya Kugelfischer haina bakuli la kuyumba. Inazungushwa na injini yenyewe, na ndani yake kipande cha chuma chenye umbo la koni, kilichochongwa kwa hesabu kali, huamua kila silinda ipewe kiasi gani kulingana na kasi ya injini na mguu wa dereva. Yote ni chuma kwa chuma. Wahandisi wa BRM waliongeza ugumu kila mahali. Peugeot waliuweka mahali pamoja, pale ambapo barabara ilikuwa ikilipa.

Mengine yalifanywa na washindani karibu wote: bamba nene la kukinga sampu, mishikio kwenye buti na vikanyagio nyuma ya gari, ili msoma ramani asimame pale na kuruka juu chini, uzito wake ukiyasaidia magurudumu kuuma tope. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Uswidi alivuka mipaka ya ubunifu huo. Saab yake ilinasa topeni, akaibiringisha mpaka ikaangukia palipo pakavu. Waandishi wa habari walipokataa kumwamini, aliirudia kazi hiyo mbele yao. Alimaliza wa pili.

Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta madereva wao mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka wakashindwa na wakazi wa hapa. Nick Nowicki wa Kenya alishinda na 404 mwaka 1963, magari 7 tu yakimaliza kati ya 84, na tena mwaka 1968, yakimaliza 7 vilevile. Dereva wa nje ya Afrika Mashariki wa kwanza kushinda ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiwa na Ford Escort. Kufikia hapo gari la dukani lilikuwa limeshaanza kusukumwa pembeni na pesa za viwanda. Datsun 240Z ya silinda sita iliyoshinda 1971 na 1973 ilikuwa gari la michezo tangu kuzaliwa.

Ila kanuni zilikuwa bado na roho ileile ya kumthamini anayestahimili barabara. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na Harry Källström wa Uswidi, wote wawili kwenye Datsun, walimaliza na alama 406 za adhabu kila mmoja. Waamuzi wakafungua kitabu: ushindi ni wa aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama yake ya kwanza ya adhabu. Wakampa Mehta.