Mbege Ina Saa Yake: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, Kibosho au Machame, hukosi kupita kilabu cha mbege: mabenchi ya mbao, paa la bati, moto wa nyama choma pembeni, na nyuma ya nyumba masufuria makubwa yaliyopikiwa pombe hiyohiyo unayouziwa. Hapo hakuna lebo ya kusoma wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Mnywaji ndiye mkaguzi, na mkaguzi lazima ajue kazi anayoikagua.

Mbege ni mtoto wa ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha hufunikwa na kuachwa siku kadhaa zichache. Ulezi nao hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea hupikwa uji, uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Mchanganyiko ukilala usiku mmoja, kesho yake ni mbege. Kila hatua inadai kungoja, na mbege nyingi mbaya huharibiwa na haraka.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, salimia, kisha uliza: "Mama, hii imechanganywa lini?" Mpishi anayejiamini hujibu papo hapo. Akisema jana jioni, umefika kwa wakati. Ya leo asubuhi bado ni changa, tamu kama togwa, na itamalizia kuchacha tumboni mwako. Ya juzi imeshaelekea siki, na hakuna nyama itakayoiokoa.

Sasa mtazame anavyochota. Unga wa ulezi hutuama chini, kwa hiyo fundi huzamisha kata mpaka chini, akakoroga taratibu, ndipo akamimina. Anayechota juujuu anakuuzia maji. Ikishatua mbele yako, itazame bila haraka. Iwe nzito kiasi, rangi ya hudhurungi, na vipovu vidogo vikipanda na kupasuka ukingoni mwa chombo. Vipovu hivyo ni dalili kwamba chachu bado iko kazini. Ikiwa imepauka, ama maji yamezidi, ama ndizi zilitolewa motoni mapema.

Inuse. Harufu ya ndizi mbivu na uji wa ulezi itangulie. Siki ikitangulia, rudisha.

Piga funda dogo, ulikalishe kinywani. Mbege bora huja kwa zamu: utamu wa ndizi kwanza, uchachu unaofuata, na mwishoni uchungu mwembamba. Uchungu huo ni wa msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Gome lake hutiwa kidogo sana, na hapo ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Ukizidi, unakaba koo na kufunika ndizi. Ukikosekana, pombe inapwaya, unakunywa kama uji uliosahauliwa. Ukikaa sawasawa, uchungu unagusa nyuma ya ulimi na kuondoka kabla ya funda la pili, ukikuacha na hamu ya kuendelea.

Jihadhari na sukari ya dukani, ambayo wengine huitia kuficha ndizi chache. Utamu wa ndizi huteremka pamoja na funda. Wa sukari hubaki midomoni ukinata. Unga nao uwe laini. Ukikwaruza koo kama mchanga, kimea hakikusagwa vizuri.

Chakula ni nusu ya hukumu. Tanguliza mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ili tumbo lisiipokee pombe likiwa tupu. Kisha agiza nyama ya mbuzi yenye mafuta kidogo: uchachu wa mbege hukata mafuta, na chumvi ya nyama huuamsha utamu wa ndizi. Kilabu chenye kisusio, supu ya mbuzi yenye damu yake, kinajua kazi yake. Nyama ikiletwa ngumu na baridi, usitegemee kwamba pombe ilisimamiwa kwa uangalifu zaidi.

Usafi usiuonee haya. Angalia kitambaa cha kuchujia kinavyoanikwa, kata zinavyooshwa, na kama pipa lina kifuniko. Na mwenyeji akionja kwanza mbele yako kabla ya kukupa, usidhani ana pupa. Ni desturi ya heshima: anakuhakikishia kwamba anachokupa ni salama hata kwake.

Alama ya mwisho huonekana jioni. Mpishi hodari hupika kwa kipimo, kwa sababu anajua mbege haimngoji mtu. Jua likizama, pipa lake limeinamishwa ukutani, limeoshwa, linachuruzika maji. Pembeni kwa jirani, pipa bado limejaa nusu, na hiyo nusu ndiyo atakayouziwa mtu kesho.

Basi ukifika ukaambiwa imekwisha, usinung'unike wala usikimbilie kwa jirani. Muulize mama atachanganya lini tena, urudi kesho yake.