Kronos Walimkata Tamusuza Kabla Hajamaliza

Upigaji wenyewe sina neno nao. Kwenye Pieces of Africa, albamu ya mwaka 1992 ya Kronos Quartet, kwateti ya nyuzi ya Marekani, fidla ziko safi na selo ya Joan Jeanrenaud haiyumbi. Kosa liko kwenye kupanga, na ni kosa lisilo na utetezi.

Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kwateti nzima, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, mwaka 1988. Albamu inatupa sehemu ya kwanza tu, Ekitundu Ekisooka. Songa mbele kidogo, unamkuta Kevin Volans wa Afrika Kusini na White Man Sleeps, sehemu zote 5. Na ya 1 na ya 5 Kronos walikwisha kuzitoa kwenye albamu ya 1987! Ya Volans iliyokuwa tayari sokoni ikarudiwa. Tamusuza akaachwa mlangoni.

Sikilizeni tena mjue kilichopotea. Tamusuza anafuata kanuni ya amadinda, marimba ya Baganda: wapigaji wawili hutazamana, kila mmoja akigonga katikati ya mapigo ya mwenzake, na wimbo unaousikia hakuna anayeupiga peke yake. Fidla mbili, viola na selo amezigawia vipande vifupi vinavyojirudia na kupishana vivyo hivyo. Muziki huu hauna haraka. Sikio lazima kwanza lizoee mzunguko, ndipo badiliko dogo likuguse. Ukikatiza hapo, umemzoesha msikilizaji kisha ukamfukuza.

Sisi wa Masinga, Ukambani, tuliokulia kwenye magitaa ya Kikamba hatufundishwi hili. Santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers zilikuwa na Part 1 na Part 2: ukishamaliza maneno, unageuza, na solo, ridhimu na besi wanaachiwa uwanja. Nani angenunua upande mmoja? Leo watangazaji wanazima wimbo pale pale magitaa yanapoanza kujibizana. Nimelisema, nitazidi kulisema.

Kronos wako kazini tangu 1973 na wameagiza tungo na mipangilio ya muziki zaidi ya 1,000, kwa hiyo nafasi hawakuikosa. Mpiga fidla John Sherba na mpiga viola Hank Dutt walistaafu 2024, lakini David Harrington, mwanzilishi, bado anaongoza. Awaingize studio wapigaji wake wapya, wairekodi Mu Kkubo Ery'Omusaalaba yote.