Gia ya Pili

Ami hashiki bisibisi kabla hajasikiliza. Rimoti humpa kijana mmojawapo, mwenyewe akasimama kando ya maegesho matupu, mikono nyuma, kaupa mgongo uwanja ili macho yasimchanganye. Ni Ijumaa asubuhi, Maskati bado imelala, na kijigari kile, sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, kinapiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Kinafika pale panaponyooka, sauti inapanda, inapanda, kisha inashuka ghafla na kuanza kupanda upya.

"Ya pili inachelewa," anasema. "Hatua mbili."

Hatua za miguu yake, maana yake, kwenye mnyooko ambao gari linaumaliza kwa sekunde chache tu. Anageuka, anaashiria lizimwe.

Tunamwita Ami sote, hata tusio na udugu naye. Alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana katika ile miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kuwaita nyumbani Waomani waliotawanyika, na umri wake wote wa kazi ameumaliza kwenye jenereta na pampu za maji. Alipostaafu, mjukuu wake akanunuliwa gari la naitro, likamshinda kwa wiki mbili, likatupwa kabatini. Ami ndiye aliyelitoa. Mjukuu sasa ana mambo mengine.

Msomaji anaijua gia. Asichokijua pengine ni kwamba humu ndani hakuna wa kuibadilisha. Hakuna mkono wala waya, na rimoti yenyewe haina kitufe cha gia. Kuna ekseli moja fupi iliyobeba gia mbili ubavu kwa ubavu, na ndani ya ngoma ya ile ya pili mna viatu vidogo vilivyobanwa na springi. Ekseli inazunguka, viatu vinataka kutoka nje, springi inakataa. Pale ubishi wa springi unapoishia ndipo gari linapoingia gia ya pili. Anayeamua paishie wapi ni fundi, kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, anayoizungusha thumuni ya mzunguko na kuiacha. Ukikaza, gia inachelewa, ukilegeza, inawahi. Na kila kiatu kipate haki sawa na mwenziwe, kwani kimoja kikitangulia kitajiburuza peke yake mpaka kiungue.

Mtu akishaambiwa hivyo huona mambo ni mepesi. Ugumu uko katika kujua gia inatakiwa ije wapi. Ikichelewa, injini inalia juu kabisa, mizunguko zaidi ya 30,000 kwa dakika, inachemka na mwendo hauongezeki. Ikiwahi, inaikuta injini haijakusanya nguvu, gari linazama kidogo, linakohoa, ndipo linaondoka. Baina ya makosa haya mawili pana upenyo mwembamba, nao haukai mahali pamoja. Jua likipanda unasogea, na mafuta yakibadilishwa unasogea tena.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi yake ni hili la tairi. Tairi za gari hili ni za sponji, huchongwa kwa mashine ziwe duara kamili, na zikikimbia zinalika. Tairi ikipungua kimo, ekseli inalazimika kuzunguka upesi zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo viatu vinafunguka mapema. Gia ya pili iliyokuja pahala pake saa moja asubuhi, saa tatu itakuja kabla ya pahala pake, na skrubu haijaguswa na mtu. Ami analijua hilo bila ya kikokotoo. Ndiyo maana asubuhi huiacha ichelewe kidogo kwa makusudi. Siku ile aliposema hatua mbili, nilidhani atazirudisha zote mbili. Alirudisha moja. Ile ya pili aliiachia tairi.

Nimeona mafundi wengi wa kurekebisha kilichopo. Wa kurekebisha kitakachokuwa saa mbili mbele ni wachache.

Harufu nayo nisiisahau. Mafuta ya gari hili ni methanoli na nitromethani, pamoja na mafuta mazito ya kulainisha, na Ami hupendelea yale yaliyotiwa mafuta ya nyonyo. Kizazi changu mafuta ya nyonyo tuliyajua kwa kubanwa pua na kunyweshwa. Hapa yanatoka kwenye ekzosi kama uzi mwembamba wa moshi wa samawati, na Ami anausoma uzi huo: ukikatika, injini ina kiu, ukiwa mnene, imeshiba kupita kiasi. Kipimajoto anacho, humpa kijana asome nambari kwa sauti, naye ameshajua.

Klachi yake ni ile ya Serpent, wajenzi wa magari ya mbio wa Uholanzi, waliyoiita Centax. Vizito vinatupwa nje, vinasukuma kiatu kiende mbele kikashike kengele. Uwazi baina ya kiatu na kengele ni kama milimita 0.7, nao hupangwa kwa kuongeza au kupunguza washa nyembamba kama karatasi. Akimaliza hapo anakwenda kwenye meno ya gia: anapitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, anazisogeza zikibane, anakaza injini, kisha anakitoa na kukitazama kwenye mwanga. Alama za meno zionekane wazi, lakini karatasi isichanike.

Na hapa ndipo ninapogombana kimoyomoyo na vijana, japo ni wanangu. Kwao kuboresha gari ni kuongeza. Wanakuja na vifurushi vya alumini na titani, gia za rangi ya dhahabu, ekseli nyepesi, kila kitu kikimeta. Ami huanza kwa kupunguza. Anaifungua mikanda yote, anazungusha kila ekseli kwa kidole, anangoja isimame yenyewe. Beringi yenye mchanga huiosha au huitupa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huulegeza, maana nguvu unayoila haifiki kwenye gurudumu. Si sana lakini, usije ukaruka meno wakati wa breki. Mwisho wa kazi gari halina kitu kipya hata kimoja na linawapita wenye dhahabu.

Wazee wa fani hii wangemwelewa. Ogawa alianza kutengeneza vijiinjini mjini Osaka mwaka 1936, na kampuni ya O.S. aliyoiacha bado ina jina. Ray Arden, Mmarekani, alileta sokoni baada ya Vita vya Pili plagi yenye kiwaya cha platini kinachobaki chekundu bila betri, injini ikishawaka. Waliokuja baadaye waliziweka injini hizo kwenye magari, na walikuwa watu wa faili na mashine ya kukerezea, waliojua kitu kinapokwaruza.

Sasa maegesho yanazidi kuwa kimya. Mota za umeme zisizo na brashi zimeingia pamoja na betri za lithiamu, nazo hazina klachi, hazina gia ya pili, hazina moshi wa kusomwa. Kinachorekebishwa kinarekebishwa kwenye simu. Ulaya, tangu tarehe 1 Februari 2021, mtu wa kawaida hauziwi bila kibali mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, kwa kuwa nitromethani inaweza kutumika kutengeneza milipuko. Sheria ina sababu yake, siibishi. Lakini dukani kwetu nako rafu ya naitro imekuwa fupi, na mikanda ya gari la Ami haiagizwi tena. Anaihifadhi ile mizima aliyoitoa kwenye magari yaliyokufa, ndani ya kopo la halua.

Ijumaa iliyopita kijana mmoja alimletea gari la umeme, zuri, jipya. Linapungukiwa mwendo, akasema, na kwenye programu kila kitu kiko sawa. Ami alilipindua, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole karibu na sikio.

"Beringi ya kushoto imekufa, mwanangu. Riyali moja haifiki."

Kijana alimshukuru kwa adabu zote, akalifunga gari lake kwenye begi, akasema mwisho wa mwezi ataagiza mota yenye nguvu zaidi.